Nyimbo za Dunia na Roho ya Mtu: Habari za Mlimani Kilimanjaro

Katika darasa la Kipaimara kijana mmoja wa miaka 14 aliniuliza swali. Alisema, "Mwalimu, nikisikiliza nyimbo za dunia wakati wa kukata majani ya ng'ombe, kisha jioni nikasali, je, sala yangu imeharibika?" Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka, nami nikatambua ya kuwa hakuuliza kwa mzaha. Ningaliweza kumjibu kwa neno moja, kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake. Niliambiwa, "Ndiyo, imeharibika," na maneno yakaisha. Lakini jibu lile halikunitosha siku ile, wala sikudhani ya kuwa lingemtosha yeye. Nikamwambia angoje kidogo, nikaanza kuchungua habari za zamani, nipate kujua wazee wetu walipita njia gani katika jambo hili. Haya niandikayo ni machache katika niliyoyaona.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kabla ya Injili kufika Mlimani, hapakuwa na mtu wa kuuliza swali hilo, maana nyimbo hazikugawanywa fungu la dunia na fungu la dini. Watu waliimba walipolima. Waliimba walipochimba mfongo wa kuleta maji vihambani. Mama alimwimbia mtoto wake. Na wazee walipowafundisha vijana mambo ya utu uzima, walifundisha kwa kuimba. Mchungaji Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliyaandika mafundisho hayo kutoka vinywani mwa wazee, akayachapisha kwa Kijerumani katika vitabu vitatu vikubwa kati ya mwaka 1932 na mwaka 1938. Humo zimo habari za mregho, yaani fimbo iliyochorwa alama kwa kisu. Mwalimu aliishika fimbo, akaifuata alama kwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake la kuimbwa: hili la mwili wa mtu, hili la kuzaliwa kwake, hili la adabu ya nyumbani. Sisi walimu wa leo tuna ubao na chaki. Wao walikuwa na fimbo na sauti, na sidhani kwamba wanafunzi wao walisahau upesi kuliko wetu.

Basi katika mafundisho yale mlikuwamo jina la Ruwa, mlikuwamo mizimu ya ukoo, mlikuwamo maonyo mema kabisa, na tena mlikuwamo maneno ambayo Mkristo hawezi kuyatamka mbele ya watoto. Yote yalifungwa pamoja kama mzigo mmoja wa majani ya ng'ombe. Mtu atakaye kuchukua majani na kuacha miiba hana budi kuifungua kamba kwanza, akae chini, achague jani moja moja. Kazi hiyo yataka siku nyingi, na walioleta Injili hawakuwa na siku nyingi, au walidhani hawana.

Johannes Rebmann aliuona Mlima tarehe 11 Mei 1848, lakini kazi ya kukaa na kufundisha ilikuja baadaye sana. Waingereza wa CMS walikaa Moshi kwa Mangi Rindi tangu mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Kilema mwaka 1891, kisha Kibosho mwaka 1893. Na mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa Leipzig wakafika Machame, na mwaka uliofuata wakafika Mamba. Kila upande ulikuja na nyimbo zake. Kwa mapadre watu walisikia Kilatini. Kwa Walutheri walisikia zile nyimbo nzito za Kijerumani, ambazo wamisionari na wasaidizi wao Wachaga walizigeuza kidogo kidogo ziwe katika lugha ya kila upande wa Mlima. Watu waliozoea wimbo wa kuitikiana, mmoja akianza na wengi wakijibu, sasa walifundishwa kusimama wima, mikono imetulia, miguu imetulia, na kufuata kitabu ubeti kwa ubeti. Wapo waliopenda sana. Sauti nne zikipatana katika nyumba yenye mwangwi ni jambo la kushangaza kwa mtu yeyote, na Wachaga wakazishika nyimbo hizo hata leo ukimwamsha mzee usiku wa manane aweza kukuimbia beti zote pasipo kitabu.

Lakini pamoja na wimbo mpya ilikuja amri. Katika misioni nyingi za Afrika ya Mashariki Mkristo aliyekwenda ngomani alitengwa na Meza ya Bwana, akakaa nyuma kanisani kama mgeni mpaka atubu. Tusiwahukumu wamisionari upesi. Ngoma waliyoiona ilifuatana na pombe nyingi, na usiku, na mara nyingine na kuwatolea wafu sadaka, na mwongofu aliyerudi mchezoni jioni mara nyingi alirudi na kwenye mambo mengine. Tena, Kanisa Katoliki lilikuwa na sheria yake hata kwa Wazungu: mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alitoa waraka juu ya muziki wa kanisani, akakataza kinanda cha piano na ngoma na vyombo vingine vya kelele visitumike katika ibada. Waraka ule uliandikwa kwa ajili ya Italia na nchi nyingine zilizokuwa zikiimba kanisani kama katika nyumba za michezo. Walakini ulikuwa sheria hata Kilema, ambako hapakuwa na nyumba ya michezo hata moja.

Sasa nataka kusimulia jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa shuleni, na ambalo lilinifanya nikae kimya muda mrefu nilipolijua.

Martin Luther alipotaka kuwapa watoto wimbo wa Krismasi, alichukua wimbo wa mchezo wa vijana wa Ujerumani. Katika mchezo ule kijana huja kama msafiri aliyetoka nchi za mbali, huwaletea wasichana habari na vitendawili, naye ashindaye hupewa taji la maua. Luther akaubadili ubeti wa kwanza, yule msafiri akawa malaika atokaye mbinguni kuleta habari njema, na wimbo ukachapwa mwaka 1535 kwa sauti ileile ya mchezo. Huo ndio ule wimbo wa malaika ambao Walutheri wa nchi nyingi huuimba usiku wa Krismasi. Na si huo tu. Mwaka 1601 mtunzi mmoja jina lake Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa kijana ambaye moyo wake umefadhaika kwa kumpenda msichana. Mwaka 1613, yaani baada ya miaka 12 tu, sauti yake ilitiwa maneno ya Mkristo anayetamani kufa kwa amani. Na mwaka 1656 Paul Gerhardt akatoa maneno ya kichwa cha Bwana kilichovikwa taji la miiba, ambayo nayo yakaimbwa kwa sauti iyo hiyo. Hakuna wimbo wa Ijumaa Kuu uendao moyoni kuliko huo. Johann Sebastian Bach, aliyekuwa mkuu wa muziki wa makanisa ya mji wa Leipzig tangu mwaka 1723 hata alipokufa mwaka 1750, aliutumia mara kwa mara katika kazi yake ya Mateso kwa habari ya Mathayo. Uko na wimbo mwingine wa Heinrich Isaac, wa mtu anayeuaga mji wa Innsbruck na mpenzi wake aliye humo. Huo nao ukageuzwa, ukawa wimbo wa mtu anayeiaga dunia.

Leipzig, ndugu zangu. Mji uleule ambao uliwatuma wamisionari wetu. Walipanda Mlima wetu wakichukua mikononi nyimbo za mapenzi na za michezo ya vijana wao wa zamani, zilizooshwa na kuvikwa nguo za Jumapili, nasi tukazipokea kwa heshima kuu. Na siku ileile nyimbo za michezo ya vijana wetu zikaambiwa zibaki nje ya mlango. Wengi wao nadhani hawakujua asili ya kile walichokichukua. Mtu hakumbuki kwamba kanzu yake ilikuwa ya babu yake, akiisha kuizoea.

Lakini haki yataka nitoe habari nzima. Ule wimbo wa Krismasi haukukaa na sauti yake ya kwanza. Mwaka 1539, katika kitabu kilichochapwa palepale Leipzig, ulitokea na sauti nyingine, ndiyo inayoimbwa mpaka sasa. Wachunguzi wa nyimbo husema kwamba sauti ya kwanza ilikuwa ingali ikiimbwa sana katika michezo ya watu. Basi Luther, ambaye hakuogopa kuchukua, hakuogopa kurudisha. Sauti ya Hassler ilikaa kanisani. Sauti ya mchezo wa taji haikukaa. Nimefikiri sana juu ya tofauti hii, naona imo katika kumbukumbu za wasikiao kuliko katika sauti yenyewe. Mtu akiusikia wimbo, roho yake huenda mahali alipousikia mara ya kwanza. Kama mahali pale pangali na nguvu juu yake, basi hata umvike wimbo maneno ya malaika, yeye amekwisha kwenda zake.

Jambo hili halikuanza kwa Luther. Agostino, Mwafrika wa kaskazini, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria, akafa mwaka 430, aliandika katika kitabu cha Maungamo yake ya kuwa nyimbo za kanisa la Milano zilimtoa machozi alipokuwa mpya katika imani. Lakini mahali pengine katika kitabu kilekile ajishitaki mbele ya Mungu, kwamba mara nyingine ile sauti humpendeza kuliko neno linaloimbwa, na wakati huo huona heri asingalimsikia mwimbaji. Amtaja na Athanasio wa Aleksandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi ainue sauti kidogo tu, iwe karibu na kusema kuliko kuimba. Tena angalieni, hapo asema habari za zaburi, wala si za nyimbo za vilabuni. Hatari aliyoiona imo hata ndani ya kanisa, nasi tulio katika kwaya twaijua, ingawa hatupendi kuitaja siku ya mashindano.

Njia iliyopita katikati ya kanisa na mchezo haikwenda upande mmoja tu. Tuchukue habari za beni. Pale Freretown karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa, vijana walifundishwa tarumbeta na ngoma za Kizungu. Katika utawala wa Wadachi shule ya serikali ya Tanga nayo ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Watu wa pwani walizisikia bendi hizo na bendi za askari, na tangu miaka ya 1890 wakaanza kufanya mchezo wao wenyewe, wakauita beni. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilipowachukua askari na wapagazi kutoka kila kabila na kuwazungusha nchi nzima, beni nayo ilizunguka pamoja nao. Na vita vilipokwisha, ilikuwa imeenea bandarini na kwenye miji ya reli na mbali bara, ikiwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Walikuwa na wafalme wao na vyeo vya kijeshi, na mavazi ya kupendeza, na mashindano makali.

Wamisionari wengi walisikitika mno kuona vijana wa shule wakijiunga, na yako mambo waliyoyaona kwa haki, maana mashindano yalikula fedha, na watu waliingia katika deni ili wasishindwe na wenzao. Lakini vyama hivi vilifanya na kazi nyingine ambayo waliokuwa wakikemea hawakuiangalia sana. Mwanachama akiugua mbali na kwao, wenzake walimtunza, akifa, walimzika. Mtu aliyetoka kijijini kwenda kufanya kazi mjini, hana ndugu, hana mzee wa ukoo, alipata ndugu katika beni. Kama angalipata udugu kama huo mlangoni pa kanisa la mjini, labda asingaliufuata mlio wa ngoma. Kwa hiyo kila nisikiapo kwamba muziki fulani umewatoa vijana kanisani, mimi huuliza kwanza, Je, ni muziki uliowatoa, au ni watu walioupiga, waliowakaribisha vizuri kuliko sisi?

Gutmann aliliona jambo hili la udugu kuliko wengi wa wakati wake. Alishika sana ya kwamba ukoo, ujirani, na urafiki wa rika ni zawadi za Mungu kwa Wachaga, na kwamba usharika ujengwe juu yake, usijengwe mahali pake. Vijana wake wa Kipaimara aliwaunganisha kwa vifungo kama vile vya rika la zamani. Hakuna mtu awezaye kusema alifungua mlango wa kanisa kwa michezo ya usiku. Lakini alijua ya kuwa wimbo hauji peke yake, huja na watu.

Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini kwa ajili ya vita iliyokwisha, na mzigo mkubwa wa sharika ukawaangukia walimu Waafrika, mpaka wengine walipokuja kutoka Marekani, na Wajerumani wenyewe wakarudi kuanzia mwaka 1925. Miaka ileile kahawa ilikuwa ikienea vihambani. Mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikaandikishwa, na fedha ya kahawa, ikiisha kulipa kodi na ada ya shule, ilitafuta pa kwenda. Kwa watu wengine ilikwenda kwenye kinanda cha santuri. Siti binti Saad wa Unguja alikuwa amekwisha kuitia sauti yake katika santuri kule Bombay mwaka 1928, na santuri za Kiswahili zikauzwa Afrika ya Mashariki yote. Kuanzia mwaka 1933 zikaja na zile za herufi GV, zenye muziki wa Kuba. Tazama jinsi jambo lilivyogeuka. Zamani aliyetaka kusikia mchezo aliondoka nyumbani, akaonekana njiani, na mzee wa kanisa aliweza kumngoja njia panda. Sasa mchezo ulikuja wenyewe, ukakaa mezani karibu na Biblia.

Kisha ukaja Uamsho. Ulianza Gahini katika nchi ya Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba, na baadaye ukafika na Mlimani. Ndugu wa Uamsho waliungama dhambi zao waziwazi, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na adui zao; hayo ni matunda mema ambayo hakuna awezaye kuyakana. Na wengi wao waliziacha nyimbo zote za dunia kabisa, wakabaki na nyimbo za wokovu, hasa ule wa Kiganda wa Tukutendereza, ambao asili yake ni Kiingereza. Kwa mtu ambaye pombe na ngoma vilikuwa kamba moja shingoni mwake, naona walifanya vema kuikata pasipo kuuliza nyuzi zake. Lakini walipotaka kila mtu akate kamba hiyohiyo, hata asiyefungwa nayo, yalitokea maumivu, nami nitasimulia moja kwa kuwa ni la nyumbani kwetu.

Babu yangu, mzaa baba, alibatizwa mtoto. Katika miaka ya 1950, kijana bado, aliuza kahawa yake, akashuka Moshi mjini, akarudi na gitaa. Alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza santuri, na muda si mrefu akawa anaitwa arusini na penye mavuno. Wazee wa usharika, ambao sitautaja, walimwita wakamwambia achague gitaa au Meza ya Bwana. Yeye akawauliza, "Nimeimba neno gani ovu?" Hawakumwonyesha neno, walisema chombo chenyewe kina roho yake. Akakasirika, akatoka, akatengwa. Miaka 7 hakushiriki Meza ya Bwana.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza habari za miaka ile, maana nilitaka kujua kama wazee wale walikosea. Hakunijibu kama nilivyotumaini. Alisema, "Mjukuu wangu, walikosea juu ya gitaa, lakini hawakukosea juu yangu." Akaeleza kwamba nyimbo zake zilikuwa za kawaida tu, za kusifu bibi arusi na kuwachekesha wageni, lakini kila alipopiga, watu walimletea mbege pasipo malipo, walimwita jina la sifa, na wasichana walimtazama. Akaanza kuona nyumba yake ni ndogo na mkewe ni wa kawaida. Alisema haukuwako wimbo hata mmoja uliomfundisha hayo. Aliyafundishwa na makofi. Na asubuhi akitaka kusali, moyo ulikuwa ungali kule arusini, ukingoja kusifiwa tena. Ndipo akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Katika miaka ile 7, kwa kuwa alikuwa hakaribishwi mezani, usiku mwingine alikaa peke yake jikoni karibu na ng'ombe, akapiga nyimbo za kitabu cha kanisa kwa gitaa lilelile, polepole, na hapo ndipo alipojua kwamba bado ni Mkristo.

Alirudishwaje? Mmoja wa wazee waliomtenga alikuja kihambani asubuhi moja, ameshika jani la sale. Kila Mchaga ajua maana ya sale: ajaye nalo aomba msamaha, na alipokeaye hawezi kuendelea na ugomvi. Desturi hii ni ya kale kuliko misioni zote, haimo katika kitabu chochote cha ibada, na wapo wakati ule ambao wangaliiita ya kishenzi. Lakini mzee yule wa kanisa, alipotaka kutubu mbele ya kijana, hakuona kitu kingine cha kushika mkononi. Babu akalipokea. Gitaa hakuliuza, aliacha kwenda arusini kwa muda, kisha akaenda tena, lakini akiisha kupiga alirudi nyumbani kabla ya giza.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakibadilika mbali na kwetu. Kule Kongo, padre mmoja Mbelgiji, Guido Haazen, na waimbaji wake walitoa Misa Luba mwaka 1958, na watu wa Ulaya wakasikia Kilatini kikiimbwa kwa sauti na ngoma za Afrika. Mwaka 1963 padre wa kwetu, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwezi wa Desemba mwaka huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia, ambayo yaagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake. Hesabuni: tangu waraka wa mwaka 1903 ni miaka 60. Mtu aliyebatizwa Kilema akiwa mtoto katika mwaka wa amri ile, alikuwa mzee mwenye wajukuu ngoma ilipoingia mlangoni.

Kwa Walutheri, kazi hii ilifanywa zaidi katika chuo cha wachungaji Makumira, si mbali na Mlima. Mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watafute sauti za makwao, na mwaka 1966 mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Bukoba, Bernard Kyamanywa, akaandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya Kihaya. Nyimbo hizo zikatolewa katika kitabu, na wimbo ule wa Pasaka umekwisha kugeuzwa kwa lugha nyingi, waimbwa hata na Wajerumani na Waamerika makanisani mwao. Basi sauti ya kienyeji ilipanda njia ileile iliyopandwa na wimbo wa Hassler, ikashuka Ulaya kwa mlango wa mbele. Miaka ile pia redio ya Sauti ya Injili, yenye studio yake Moshi, ilikuwa ikipeleka vipindi vyake hewani kwa mitambo ya Addis Ababa, tangu mwaka 1963 hata mwaka 1977 serikali ya Ethiopia ilipoitwaa mitambo ile. Kwaya na bendi za dansi zikasikika katika sanduku moja, kwa kuzungusha kitufe tu.

Asubuhi moja ya Pasaka, mimi ni mtoto, nilikaa na babu kanisani wakati kwaya ya vijana ilipouimba wimbo wa Kyamanywa. Waliimba wakitembea kwa hatua, na mbele yao kijana alipiga gitaa. Babu aliinama, nikadhani analia. Kumbe alikuwa akicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Akaninong'oneza, "Hata wangenitenga mimi tena, huyu sasa hawamwezi." Kisha akaacha kucheka, akamtazama sana yule mpiga gitaa, na ibada ilipokwisha alimwita kando chini ya mti. Sikusikia yote aliyomwambia. Nilisikia moja tu: alimwuliza kama watu wanampigia makofi, na yeye hufanya nini wakiisha kupiga.

Baada ya kuyakusanya haya nilimwita yule kijana wa Kipaimara. Nilimwambia kwamba siwezi kumjibu swali lake pasipo kuzisikia hizo nyimbo, na kwamba Jumamosi, tukiisha kufagia uwanja wa kanisa, aje na simu yake, anichezee ule wimbo aupendao kuliko zote; tutausikiliza pamoja hata mwisho, maneno yake yote, kisha tutakaa kimya kidogo, halafu aniambie moyo wake ulikwenda wapi na ulikutana na nani huko. Alinitazama kama mtu asiyesadiki. Akauliza kama aweza kumleta mwenzake mmoja. Jumamosi walikuja watano.